Siku Niliyochomekwa Kwenye Kivinjari

Usiku wa jana niliota nimekuwa plagini, na kabla hamjacheka ngojeni kwanza niwaeleze plagini ni nini, maana hata mimi kitu hicho nimekijua juzi juzi tu.

Mjukuu wangu wa kike, Subilaga, amesomea mambo ya kompyuta Mbeya. Anatengeneza kazi zinazofunguka kwenye kivinjari, yaani lile dirisha la kompyuta ambalo watu wanapitia kwenda kwenye intaneti. Nilimwuliza, madirisha yote si yanafanana, kazi yako ina nini cha zaidi? Akanieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

"Babu, kivinjari peke yake ni kama ukuta wa kubandikia matangazo. Kinaonyesha maandishi na picha zilizonyamaza. Ukitaka kitu kilicho hai, unakishika kinasogea, unafungua valvu unaona maji yanapita, lazima ukichomekee kitu cha ziada. Hicho cha ziada ndiyo plagini. Mimi kazi yangu naiandika mara moja tu. Palipo na plagini itafunguka vile vile, kompyuta iwe mpya, iwe ya zamani, iwe ya kampuni yoyote."

Nikamwambia hiyo nimeielewa vizuri. Hata mimi nilikuwa nafunga bomba moja, wakanywa Wamoravian, Walutheri na wasiosali kabisa.

Mimi ni Angetile Mwasomola, fundi bomba. Shule niliishia darasa la tatu, lakini maji ya kijiji hiki cha Isyukula yalipita mikononi mwangu kabla hayajafika kwenye sufuria ya mtu yeyote. Mwaka sabini na nane tulikuwa mafundi kumi na wawili, mimi nikiwa kiongozi wao, tukalaza bomba kuu kutoka chanzo cha maji kule juu mpaka zahanati. Wenzangu kumi na mmoja wameshatangulia. Ramani ya injinia ililiwa na mchwa ofisini. Kwa hiyo bomba liko wapi ardhini, anayejua ni mmoja, naye ndiye huyu anayeongea na nyinyi.

Sasa barabara inapanuliwa. Leo hii, saa tatu asubuhi, katapila linaanza kuchimba mtaro kutoka kanisani hadi zahanati, na bomba langu limelala humo humo. Likikatwa, zahanati inakaa bila maji wiki tatu, nne, na pale ndipo kina mama wanapojifungulia. Nesi Tumpe alishakuja nyumbani kuniambia. "Mzee Angetile, mimi sizalishi mtu kwa maji ya ndoo ya kuazima."

Ndiyo maana Subilaga alikaa na mimi siku tisa. Mimi nasema, yeye anachora. Ramani yenyewe hai: unagusa nyumba ya mtu, bomba lake linawaka. Ilitakiwa ifunguke sehemu tatu, kwenye kompyuta yake, kwenye ya ofisi ya kata, na kwenye ya kambi ya mkandarasi, ambayo ndiyo inamwongoza dereva wa katapila. Nilimpa mstari wote bila kukwama hata mara moja. Umenyooka kama uzi uliovutwa, nikamwambia. Nikaenda kulala nimeridhika na nafsi yangu, na sisemi kwa majivuno, mimi kazi yangu naijua.

Basi.

Nimesimama kwenye foleni. Jua linawaka vizuri. Mbele yangu kuna dirisha kubwa kuliko kanisa, halina nyumba, ni dirisha tu limesimama kwenye nyasi. Lina pazia la kitenge, na nyuma ya pazia kuna sauti ya mwanamke aliyezoea kuhudumia watu.

"Anayefuata. Wewe nani?"

"Kwanza salamu," nikasema.

"Shikamoo," likasema dirisha.

"Marahaba. Mimi ni plagini."

"Toleo la ngapi?"

"La arobaini na sita."

"La zamani hilo. Umewahi kufanyiwa marekebisho?"

"Nilipasuliwa ngiri mwaka themanini na tatu, hospitali ya misheni."

Nikasikia linaandika. "Toleo la arobaini na sita, rekebisho moja. Unachukua nafasi kiasi gani?"

"Kitanda cha futi tatu na nusu kinanitosha."

"Unakwenda kwenye kompyuta za aina zote?"

"Nimekwenda Chunya, Kyela na Makete kwa miguu."

"Naandika zote. Haya, bado mwenyeji akubali."

Hapo kwenye nyasi pakaota kitufe. Cha mviringo, kimenenepa, tumboni kimeandikwa KUBALI. Nikanyoosha mkono nikibonyeze tumalize.

"Acha," kikasema. "Mimi sibonyezwi na mgeni. Nabonyezwa na mwenyeji, kwa mkono wake mwenyewe, akiwa macho."

"Mwenyeji ni mjukuu wangu."

"Hata angekuwa mkeo."

Kitu kama hicho ukigombana nacho unajichosha bure. Tukakaa kwenye nyasi tukaongea habari za mvua. Kikaniambia maisha yao ni magumu, watu wanawabonyeza bila kuwasoma. "Ndani yangu kuna kurasa kumi na nne za masharti," kikasema. "Tangu nizaliwe hajasoma mtu."

Nikakihurumia. Nikakisomea kurasa mbili, polepole, maana kusoma kwangu ni kwa kidole. Nilipofika ukurasa wa tatu, dole gumba la Subilaga likashuka kutoka mawinguni, nikalijua kwa kovu la kisu cha kumenyea ndizi, likakikanyaga kitufe mpaka kikazama.

"Asante, Babu," kikasema kikiwa chini.

Nachomekwa. Kuchomekwa ni kama kuvaa shati lililorudi na kubana baada ya kufuliwa. Kichwa kilipita, mabega yakagoma, nikageuka ubavu kidogo kama tunavyofanya na bomba la nchi nne kwenye ukuta wa mawe, nikawa ndani.

Ndani ni sanduku la mchanga. Sanduku kweli, mbao nne, mchanga wa mtoni umechekechwa. Subilaga alishanieleza kwamba kazi ya mgeni kwenye kompyuta ya mtu inafungiwa sehemu yake peke yake, isizurure kwenye mafaili ya mwenye nyumba, na sehemu hiyo wenyewe wanaiita sanduku la mchanga. Nilidhani ni namna ya kusema tu.

"Miguu ndani," sanduku likasema.

"Iko ndani."

"Kidole gumba cha kushoto."

Nikakivuta. Juu ya mbao naona nyumba nzima ya kompyuta ya Subilaga. Kuna makabati, kuna barua zimefungwa vizuri, kuna picha ya harusi ya mama yake, na mimi nimo, nimevaa koti la kaka yangu.

"Ile picha," nikasema, "naomba niishike kidogo."

"Hushiki. Wewe ni mgeni."

"Lakini nimo kwenye picha."

"Aliyemo kwenye picha ni wa nyumbani. Aliyemo kwenye sanduku ni mgeni. Usichanganye watu."

Likanipa kopo, lile la maziwa ya unga ya zamani. Likasema hilo ndilo la kuhifadhia vya kwangu, nikitoka na kurudi nitalikuta, na likijaa niombe nyongeza. Nikatia ndani siku ya kwanza ya kazi ya mwaka sabini na nane, kuanzia asubuhi. Kopo likafurika na bado sijafika saa sita mchana.

"Naomba nyongeza."

"Mwenyeji akubali."

Kitufe kikaota tena mchangani. "Shikamoo, Babu," kikasema. Tumeshazoeana.

Nainama kufunga kamba ya kiatu. Nainuka, niko ofisi ya kata. Na kwa Subilaga bado nipo. Wala sikushangaa, maana ndivyo alivyosema, inaandikwa mara moja inafunguka kote.

Hapo ofisini yuko Ipyana, mtendaji wetu wa kata, amekaa mbele ya kompyuta yenye mgongo mkubwa kama jiko la mkate. Nainua mkono kumsalimu. Kwa Subilaga mkono unainuka pale pale. Kwa Ipyana unainuka baada ya yeye kumaliza chai.

"Huyu mzee mbona anakatika katika?" Ipyana akauliza.

"Sikatiki mimi, ni mashine yako imechoka. Funga madirisha mengine."

"Nimefungua mawili tu, Mzee wangu."

"Umefungua kumi na saba, na moja ni karata."

Akafunga karata. Mkono wangu ukashuka.

Mlango ukagongwa, akaingia Rula. Rula ya shule, ya mbao, futi moja, amevaa kaptula na kofia ya mkaguzi. Akasema yeye ndiye anayesimamia ile kanuni ya kuwa kote sawasawa. Aliyemo dirisha la kwanza na aliyemo dirisha la pili lazima awe mtu yule yule, asizidi, asipungue. Akaanza kunipima masharubu.

"Kwa mjukuu wako ni nchi mbili. Hapa ni nchi mbili na robo."

"Kioo cha Ipyana kinavimbisha."

"Rekebisha."

Nikavuta pumzi, masharubu yakarudi ndani robo nchi.

"Sasa maelezo," Rula akasema. "Bomba limepitaje?"

"Limenyooka kama uzi uliovutwa."

Akapima maneno yangu hapa, akakimbia kuyapima kwa Subilaga, akarudi. "Yanalingana."

"Nilikwambia."

"Nimesema yanalingana. Sijasema ni ya kweli. Ukweli siyo idara yangu." Akatoka, na mlango ukatoka naye.

Sasa niko juu ya ramani yenyewe. Ni kubwa kama uwanja wa mpira na naitembea kwa miguu. Kanisa liko kule, zahanati kule, na bomba langu ni mstari wa bluu umelala katikati. Kila mstari umefungwa kamba ya katani, na kamba inashuka chini, inapotelea ardhini. Hili nalo Subilaga alinieleza. Kinachoonekana kwenye ramani kimefungwa na taarifa zake kule chini, ukisogeza kimoja, kingine kinafuata. Sasa hapa kimefungwa kweli, na fundo ni zuri, nililipenda.

Nikausogeza mstari kidogo ukae vizuri.

"Mzee Angetile!" Nesi Tumpe akapiga kelele kutoka zahanati. "Bomba la wodi limehamia mlangoni!"

"Samahani, nesi." Nikaurudisha.

"Limerudi, lakini sasa linatoa maji ya moto."

"Si afadhali?"

Akafikiri. "Afadhali," akasema.

Nikaendelea kuunyoosha. Kutoka kanisani ulikubali. Shuleni ukakubali. Nilipofika kwenye uwanja wa nyumba ya akina Mwambungu, ukatuna. Nikaukanyaga, ukatunia upande wa pili. Nikaupigia goti. Nikaona hapana, nikaushika kwa mikono miwili nikauvuta kwa nguvu zangu zote, na huko chini kuna mtu akauvuta kwake.

"Angetile," sauti ikasema. "Unanivuta shuka."

Migomba ikatanda kwenye ramani. Kati ya migomba kuna kaburi, na pembeni ya kaburi amekaa Bibi Sekela, mama wa akina Mwambungu, kajifunga shuka nyeupe, na kamba yangu imeshika pindo la shuka hiyo.

Ngojeni niseme huyu ni nani. Mwaka ule wa sabini na nane, kila siku saa saba mchana Bibi Sekela alituletea maziwa mgando na ndizi za kuchemsha, mafundi kumi na wawili, bila mtu kumwomba. Tulipobakiza hatua mia kufika kwake, akafariki. Na sisi huku kwetu mtu anazikwa nyumbani kwake, pembeni ya nyumba, alipolala mume wake. Ndugu zake wakamzika pale pale, na pale pale ndipo vilipopita vigingi vya injinia. Injinia mwenyewe alikuwa Mbeya wiki mbili anatafuta boliti.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba. Umezeeka vibaya."

"Ni kioo."

"Siyo kioo. Niambie, mwaka ule mlifanyaje mlipofika hapa?"

Nikaangalia viatu vyangu. "Tulikuzunguka, Bibi."

"Mkanizunguka vizuri. Hamkunigusa hata ukucha. Na injinia aliporudi akauliza nini?"

"Akauliza, umenyooka? Nikasema, kama uzi uliovutwa."

"Akafanyaje?"

"Akanisimamisha mbele ya watu. Akasema wilaya nzima hajaona fundi anayenyoosha bomba kama Angetile."

"Ikawa tamu."

"Ikawa tamu, Bibi. Mpaka leo."

"Naona. Siku tisa umekaa na mjukuu wako na hukuitema hiyo sifa." Akavuta shuka yake taratibu. "Kwa hiyo sasa kwenye ramani yenu nimelaliwa na bomba kifuani, na bomba lenyewe la kweli liko kule halijaandikwa. Hebu muulize yule atachimba wapi."

Nageuka. Katapila limekaa pembeni ya barabara, la njano, limekunja mkono wake, linasoma gazeti.

"Mimi sina ugomvi na mtu, Mzee," likasema bila kuinua macho. "Ramani ikionyesha bomba, nalikwepa hatua mbili kila upande. Ikionyesha peupe, nachimba. Ndivyo nilivyolelewa."

"Na kwa akina Mwambungu?"

Likafunua ukurasa. "Nakwepa hatua mbili kutoka kwenye mstari wako. Baada ya hapo ni peupe."

Sisi bomba tulilipeleka pembeni hatua nne. Nilijua bila kuhesabu. Likichimba hatua ya tatu, ya nne, linakata bomba kuu.

"Saa ngapi sasa?" nikauliza.

"Tatu kasorobo."

Mimi siyo mtu wa kutishika. Nikaona suluhisho ni moja, niingie kwenye dirisha la tatu, la kambi, nimweleze dereva ana kwa ana. Nikakimbia. Ramani ikakunjika, na nyuma yake kuna dirisha jingine, jipya, limeng'aa, halina pazia. Ndani yake kuna sauti ya mwanaume kijana.

"Hatupokei plagini," likasema.

"Salamu kwanza."

"Shikamoo. Hatupokei plagini. Imekuja amri. Siku hizi madirisha mapya yanafanya mambo yote yenyewe, wageni hatuwataki."

"Haya, fanya," nikasema. "Onyesha bomba limepita wapi."

Likawaka, likazima.

"Fanya mwenyewe. Nakusubiri."

"Hilo silijui," likasema.

"Basi funguka."

Likafikiri kama Ipyana anavyofikiri, kwa kukuna shingo, ingawa shingo halina. Mwisho likasema litanipokea leo tu, kwa sharti la saini. Kila kinachoingia ni kifurushi, na kila kifurushi kina mtu aliyekisaini, anayesema kilichomo ndani ni kazi yangu na ndivyo kilivyo. Likanisukumia kalamu.

Nikaishika. Nikaiweka kwenye karatasi. Ikakataa kuandika.

"Mimi hiyo siiandiki," kalamu ikasema.

"Wino umeisha?"

"Wino upo. Kilichomo ndani sivyo kilivyo."

Nyuma yangu nikasikia chuma kinagongana na chuma. Wamekuja wenzangu kumi na mmoja, na wote wamekuwa spana. Wamejipanga mstari kwa ukubwa, na yule mkubwa kabisa, spana ya nchi kumi na nane, ni Gwamaka, rafiki yangu wa tangu utoto. Nilimjua kwa kutu ya upande mmoja, alikuwa anapenda kulalia ubavu wa kushoto.

"Angetile," Gwamaka akasema, "tulikubaliana hatusemi."

"Tulikubaliana."

"Tulishikana mikono juu ya udongo wa yule mama."

"Tulishikana. Lakini tulisema hatumwambii nani?"

Spana zikaangaliana.

"Injinia," ikasema moja ndogo.

"Subilaga ni injinia?"

"Siye. Ni mjukuu wako."

"Nesi Tumpe ni injinia?"

"Hapana."

"Basi nilichokuwa naficha siku zote hizi siyo siri yenu," nikasema. "Nilikuwa naficha sifa yangu."

Gwamaka akajikohoza. "Hata sisi tuliona," akasema. "Ulikuwa unaisimulia kila msiba. Hata wangu uliisimulia."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimeshakufa, nina kinyongo cha nini? Funga bomba, watu wanasubiri maji."

Wakanipa mikono, yaani wakajiweka mkononi mwangu mmoja mmoja kwa zamu. Nikarudi kwenye uwanja wa akina Mwambungu, na huko nilifanya kazi kama nina miaka thelathini na mbili. Nilikata ule mstari wa bluu mara mbili. Nikatafuta elbo. Elbo, kama hamjui, ni kile kipande cha kona. Fundi asiyejua anaweka kona kali, maji yanakuja mbio yanagonga ukuta, yanachoka, huko mbele yanafika yanadondoka kama machozi. Mimi kwenye bomba kuu naweka elbo za nusu. Mbili za kutokea, maji yanapinda bila kujua kwamba yamepinda, kipande kilichonyooka, halafu mbili za kurudia. Nne jumla. Bibi Sekela amekaa ananiangalia, anakunywa mgando.

"Hatua ngapi?" akauliza.

"Nne, Bibi."

"Kamba imelegea sasa," akasema, akajifunika shuka mpaka mabegani. "Ndizi nilizowaletea zilikuwa zinaiva vizuri?"

"Zilikuwa nzuri kuliko zote."

"Mlikuwa hamsemi. Mlikuwa mnakula tu." Akalala.

Narudi dirishani. Kalamu ikaandika yenyewe kabla sijaigusa vizuri: ANGETILE MWASOMOLA, FUNDI, BOMBA LIMEPINDA. Dirisha likasoma, likafunguka, likasema karibu. Katapila likaangalia ramani, likakunja gazeti, likashuka barabarani, likasogea hatua saba kule ng'ambo na kukaa tena.

"Ungesema mapema ningekuja na kiti," likasema.

Halafu kwenye kona ya juu ya mbingu nikaona alama ile ya kufungia, mistari miwili imepishana, inanishukia. Nikataka kuuliza kopo langu nani atalitunza. Ikanifunga.

Nikaamka. Kumeshakucha, saa moja na nusu. Sikunawa hata uso. Nilitoka mpaka sebuleni, Subilaga amekaa mezani, kompyuta mbele, chai pembeni.

"Shikamoo, Babu. Naituma kambini sasa hivi."

"Marahaba. Usitume."

Akaniangalia. Nami nikasimama pale na shuka begani, nikamwambia. Kwamba kwa akina Mwambungu tulimzunguka Bibi Sekela. Kwamba injinia hakujua. Kwamba nilipenda kusifiwa. Maneno machache tu, na wanaonijua watashangaa.

Subilaga hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Siku tisa, Babu."

"Siku tisa."

"Nakuuliza hapa vipi, unasema umenyooka."

"Nilisema."

"Ningekata maji ya zahanati kwa mkono wangu. Nesi Tumpe angekuja kuniuliza mimi. Unalijua hilo?"

"Ndiyo maana nimesimama hapa sijanawa uso, mama."

Akashusha pumzi. Akavuta kompyuta karibu. "Njoo unionyeshe ni wapi, nichore upya. Tuna saa moja na kidogo."

Akaifungua ramani kwa akina Mwambungu. Mkono wake ukabaki hewani.

"Babu."

"Naam."

"Nani ameshika kompyuta yangu?"

Nikavaa miwani. Mstari wa bluu ulitoka kanisani umenyooka, ukapita shule, ukafika kwenye ule uwanja, na hapo ukapinda taratibu, ukaenda pembeni, ukarudi. Subilaga akausogeza ukawa mkubwa, akahesabu kwa kidole.

"Kona nne. Na siyo kali, ni nusu nusu. Mimi sijui kuchora hivi. Ningeweka kona moja tu ya kawaida, niendelee." Akapima. "Hatua nne kutoka kwenye mstari wa zamani."

Nikaikagua. Kazi safi. Hata leo, Rungwe nzima, sijui nani angeifunga vile.

"Hiyo ndiyo yenyewe," nikasema.

"Babu, wewe kompyuta hii hujui hata kuiwasha."

"Sikuiwasha," nikamwambia. "Nilichomekwa. Tuma, mama, saa mbili hiyo."